Waliomgusa Yustina, Wakahesabiwa Anselmo

Bora mnisikie mimi mwenyewe, maana nikichelewa mtasimuliwa na Masanja, na Masanja akisimulia jambo huliongezea chumvi mpaka lenyewe halijitambui. Ndiyo, ni kweli. Mimi Anselmo, katekista mstaafu, mtu wa kuvaa koti hata jua likiwa utosini, nilichaguliwa kuwa mwenyekiti wa kigango kwa kura za watu ambao hawakunichagua, nikapiga magoti mbele ya altare kumshukuru Mungu, nikatoa machozi (na yalikuwa machozi ya kweli kabisa, hiyo ndiyo aibu yenyewe), kisha nikahutubia. Mpaka leo nikipita pale mashine ya kusaga natembea ule upande wa ukuta.

Kigango chetu, tawi dogo la parokia, kiko njia ya Magamba, si mbali na Mpanda mjini, na tumechanganyika humo: Wabende, Wakonongo, Wafipa kama mimi, na ndugu zetu Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao wakaamua kubaki. Ukija kwenye uchaguzi wetu wa viongozi, tulikuwa na desturi moja ya tangu zamani. Anayejua kusoma anaandika jina kwenye karatasi. Asiyejua anakwenda pale kwenye meza karibu na sakristia, anainama, anamnong'oneza karani jina la anayemtaka, karani anamwandikia. Karani siku zote ni mzee wa kiume, na wazee wetu ni watu wa Mungu lakini wana midomo, kwa hiyo mama akinong'ona asubuhi, jioni mume wake anamuuliza kwa nini hakumchagua shemeji. Bibi Tabu, ambaye ni mkubwa kuliko wote pale kanisani na haogopi mtu, alisema siku moja mbele ya Paroko, "Baba, kura yangu ya siri inajulikana mpaka kwa mbuzi wangu."

Aliyekuwa anaumia kwa desturi hiyo ni Yustina. Huyu ni mjane, ndiye anaongoza akina mama, ndiye anajua nani anaumwa, nani amejifungua, nani hajaonekana misani na kwa nini. Amegombea uenyekiti zaidi ya mara moja na kila mara ameshindwa, na kila mara baada ya misa akina mama wanamfuata kwa siri wanamwambia, dada, moyo ulikuwa kwako, ila pale mezani mdomo uliogopa. Nililijua hilo. Lilikuwa linaniuma, na nataka mjue lilikuwa linaniuma kweli, ili mtakaposikia nilichofanya msije mkadhani nilikuwa na nia nyingine.

Sasa mimi baada ya kustaafu nilijifunza kutengeneza kurasa za wavuti. Msicheke. Binti yangu Sesilia anafundisha kompyuta sekondari huko Sumbawanga, na likizo moja aliniachia laptopu yake ya zamani pamoja na masomo machache ya JavaScript, ile lugha ya kuuamuru ukurasa ufanye jambo mtu anapougusa. Yaliyobaki alinifundisha kwa simu kwa uvumilivu ambao sijui aliurithi kwa nani. Nilianza na ratiba ya misa, nikaenda kwenye zamu za usafi, na kila nilipobonyeza kitufe kikaniitikia nilimshukuru Mungu kama mtu aliyewashiwa umeme nyumbani kwa mara ya kwanza. Basi uchaguzi ulipokaribia nikasimama kwenye kikao nikasema, ndugu zangu, mwaka huu hakuna kunong'ona. Nitatengeneza ukurasa wenye picha za wagombea, tuuweke kwenye tableti ya Paroko ndani ya sakristia, kila mtu aingie peke yake, amguse anayemtaka, atoke. Asiyejua herufi anajua sura.

Akina mama walipiga makofi. Masanja, ambaye naye alikuwa anagombea, akakuna kidevu.

"Anselmo, wewe si mgombea vilevile?"

"Ni mgombea."

"Mgombea, halafu ndiye fundi wa sanduku la kura?"

"Masanja," nikamwambia (na maneno haya ningeweza kuyameza leo ningeyameza na maji), "hili ni sanduku lisilomjua mtu."

Paroko akatuangalia wote wawili, akakubali, kwa sababu ya akina mama.

Nikaingia kazini. Nilipanga wagombea watatu kwa herufi ya kwanza ya jina, kama tunavyopanga watoto wa komunyo: Anselmo, Masanja, Yustina. Kila mmoja nikampa kitufe kimoja kikubwa, ndani ya kitufe juu nikaweka picha yake niliyompiga pale ukutani mwa kanisa, na chini ya picha jina. Badala ya kuandika kazi tatu, yaani maagizo matatu, kwa vitufe vitatu nikaandika moja ya wote. Kitufe kikiguswa, kazi hiyo inauliza, ni nani ameguswa? Inasoma jina, inaongeza kura. Fupi, safi, nilijipongeza. Halafu nikajaribu. Nikabonyeza Anselmo, ikahesabu Anselmo. Masanja, ikahesabu Masanja. Yustina, Yustina. Nilibonyeza hivyo jioni nzima na haikukosea hata mara moja.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Mimi nimefundisha watu kusoma sala maisha yangu yote, na mwalimu wa namna hiyo ana kidole chenye tabia yake, kinakwenda chini ya neno. Ukinipa picha na jina, kidole changu kitakwenda kwenye jina bila kuniuliza. Jioni nzima ile sikugusa uso wa mtu hata mmoja. Niligusa majina.

Aliyegusa uso ni mke wangu, Mama Sesilia. Nilimwita kutoka jikoni aje ajaribu, akaja na vidole vimelowa, alikuwa anaosha migebuka, akaweka kidole katikati ya uso wa Yustina, na ukurasa ukakwama. Ukatoa maneno mekundu kwamba aliyeguswa hana jina.

"Umelowesha kioo," nikasema.

"Vidole vyangu vimekosa nini? Simu yangu naishika hivihivi kila siku na haijawahi kulalamika."

Nikafuta kioo, nikabonyeza mwenyewe, nikabonyeza wapi, kwenye jina, ikahesabu. "Unaona?" nikamwambia. Akanitazama, akarudi kwa samaki wake.

Hapo ndipo nilipofanya ule uamuzi mdogo. Ningeuuliza ukurasa kwa nini umelalamika, ningejua siku ileile. Lakini ugali ulikuwa unaiva, na nilikuwa na haya ya kumpigia Sesilia tena, kwa hiyo nikaongeza mstari mmoja tu: kama jina la aliyeguswa halijulikani, chukua la kwanza kwenye orodha, endelea. Nia yangu ilikuwa ukurasa usikwame mbele ya watu. Kwa nini la kwanza? Kwa sababu lazima uandike kitu. Sitaapa, maana nimewafundisha wengi wasiape, ila nawaambia kweli kwamba wakati ule wala sikukumbuka nani ni wa kwanza. Nilijiambia mstari huo nitautoa asubuhi. Asubuhi nikaamkia kwenye maziko ya watu, na mstari ukabaki palepale.

Dominika ya uchaguzi kanisa lilijaa mpaka nje. Watu walipanga foleni sakristia, wakaingia mmoja mmoja, ukurasa ukawa unamwambia kila mtu asante, kura yako imepokelewa, basi, hautaji jina, ili anayefuata asione. Akina mama walikuwa wanatoka wanacheka kama watoto waliopewa karanga. Bibi Tabu alitoka ameinua kidole juu, akapita makusudi mbele ya wazee waliokuwaga makarani, akawaambia, "Leo mtaniota tu." Nami nilikuwa nimesimama pembeni na koti langu, moyo umenijaa, nikisema Mungu wangu, asante kwa kunifikisha siku hii.

Paroko akatangaza kwamba sasa tunaona matokeo. Nikawasha projekta ikamulika kwenye shuka jeupe tulilotundika ukutani. Yakatokea. Anselmo, mstari mrefu mpaka unakaribia kuanguka nje ya shuka. Masanja, kamstari. Yustina, kitu kama kucha.

Dada yangu akapiga kigelegele. Akakipiga peke yake, kikapanda, kikafika mahali kikaona hakuna mwenzake, kikashuka. Mngetegemea mimi nishtukie hapo. Mimi nilifikiri watu wamezidiwa na furaha. Nikaenda mbele, nikapiga magoti, machozi yakashuka, nikasimama nikashika kipaza sauti, nikaanza kueleza jinsi Mungu anavyowatoa watu zizini na kuwaweka mbele ya watu wake, na kwamba mimi sikustahili, na nikazidi kutostahili kwa muda mrefu sana. Kisha nikageukia upande wa wanawake nikasema, na ninaona aibu hata kusimulia, nikasema hivi:

"Akina mama, kumbe mlikuwa mnanipenda kimyakimya!"

Halafu Bibi Tabu akasimama, akishikilia benchi la mbele yake.

"Mwalimu, mimi nimemgusa Yustina."

"Bibi, kura ni siri," nikamwambia kwa upole.

"Siri imeshaoza hiyo. Nimemgusa Yustina. Nimemgusa usoni kabisa."

"Na mimi," akasema mama mwingine nyuma yake.

"Na mimi." "Na sisi huku." Benchi zima likasimama, likafuata la pili, la tatu, kama wakati wa Injili.

Masanja naye akanyanyuka taratibu. "Paroko, naomba kuuliza. Hawa wote wamemgusa Yustina. Sasa kura zimepitia wapi mpaka zikafika kwa fundi?"

Mtu mwenye akili hapo angesema ngojeni tuangalie. Mimi nilikuwa nimeshalia, nimeshahutubia, nikaona nikirudi nyuma nitaonekana kituko. "Nyie," nikasema, "mashine haina shemeji. Njooni muone wenyewe." Nikachukua tableti nikaiunganisha na projekta, kila mtu akiona ukutani, nikabonyeza Yustina. Nilibonyeza kwa kidole changu cha ualimu, chini, kwenye jina. Ukutani Yustina akaongezeka kura moja. Nikabonyeza tena, akaongezeka tena. "Mnaona?" Wengine wakaanza kutikisa vichwa, wakamtazama Bibi Tabu kama mtu mzima aliyechoka akili, na hilo ndilo ninalomwomba Mungu anisamehe kuliko yote ya siku ile.

Bibi Tabu hakukaa. Alikuja mbele, hatua kwa hatua, kanisa zima likimsubiri. Akasogeza uso karibu na kioo, akamtafuta mtu wake, akaweka kidole kwenye paji la uso la Yustina.

Ukutani, Anselmo akaongezeka.

Akagusa tena. Anselmo. Akamgusa Masanja puani. Anselmo. Akanigeukia, akanirudishia tableti.

Kanisa likalipuka. Masanja akaja mbio, akajigusa uso wake mwenyewe kwenye kioo, Anselmo, akajigusa tena kwa kidole gumba, Anselmo, akawageukia watu ameinua mikono. "Jamani, kumbe hata mimi ni Anselmo! Mke wangu, kuanzia leo ukinihudumia chai unihudumie ya kikatekista!" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, ila kwenye kicheko kile nikasikia pia sauti kutoka nyuma, "Kaipanga huyu," na nyingine, "Ndiyo maana alilia mapema."

Paroko alinyanyua mkono wakanyamaza. "Katekista, eleza."

Ndugu zangu, nimeeleza mafumbo mazito mbele ya watu wale kwa miaka. Siku ile nilipata maneno mawili tu. "Sijui, Baba," nikasema.

Yustina ndiye akasimama. Hakuwa na hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo. "Mimi siamini kwamba Mwalimu ametuibia. Namfahamu. Lakini kura za akina mama hawa ziko wapi? Walikuja kusema kitu, na wamesema. Nani amesikia?"

Paroko akaamua. Uchaguzi ule si uchaguzi. Tutarudia Dominika ijayo. Kama ukurasa utakuwa umetengenezwa, na kila mtu ameujaribu hadharani kabla ya kura, tutautumia. Kama sivyo, tunarudi kwenye meza ya kunong'ona. Niliona mabega ya Bibi Tabu yakishuka aliposikia neno meza.

Nilirudi nyumbani nimeamua kujitoa kwenye ugombea, kujitoa kwenye kurasa, na kama inawezekana kuhamia Sitalike nikalime kimya kimya karibu na tembo. Nikamwambia Mama Sesilia. Yeye alikuwa anachambua maharage, wala hakuinua kichwa.

"Utajitoa. Halafu Bibi Tabu arudi mezani kunong'ona?"

"Si wamchague karani mwanamke?"

"Baba Sesilia, uliwaambia hakuna kunong'ona. Kaa chini utafute."

Nikakaa chini nikatafuta, na wiki ile ilikuwa ndefu. Nje kulikuwa hakupitiki. Nikienda kusaga, "Tumsifu Yesu Kristo, Mheshimiwa wa Nyuso!" Nikisema milele amina wanacheka kabla sijaimaliza. Watoto walianzisha mchezo, mmoja anagusa mbuzi anasema "Anselmo!", mwingine anagusa mlango "Anselmo!", anagusa ndoo ya mwenzake "Anselmo!", na mama zao wanawakemea huku wamegeukia ukuta mabega yanatikisika. Nilisali niweze kucheka nao. Siku ya kwanza sikuweza.

Ndani nako nilianza kwa kukisia, nikaishutumu tableti, nikaishutumu projekta, nikabadilisha picha, nikabadilisha rangi. Kisha nikabadilisha orodha, nikamweka Masanja wa kwanza, na hapo kila uso ukawa Masanja (nilikaa nikiutazama ukurasa ule kwa muda, kuna kishawishi kilinijia cha kuuacha hivyohivyo ili naye alie mbele ya altare). Hapo nikaukumbuka ule mstari wangu, chukua la kwanza. Kumbe kura hazikuletwa kwangu na pepo, nililetewa na mstari wangu mwenyewe. Lakini mstari ule ulikuwa unafanya kazi pale tu jina lisipojulikana, sasa kwa nini jina la Yustina halikujulikana wakati nililiandika mwenyewe kwenye kitufe chake?

Nikampigia Sesilia. Alikuwa ameshasikia (msiniulize, Sumbawanga si mbali kwa habari za namna hii).

"Baba, pole. Umegundua nini kiliguswa?"

"Kitufe, mwanangu."

"Umejua au umedhani?"

"Nimedhani."

"Usikisie, baba. Iandikie ile kazi yako iseme yenyewe. Kila ukigusa, ikutajie kilichoguswa ni kitu gani. Halafu usiguse wewe. Tafuta walioguswa na hiyo aibu, waguse wao."

Nikamwalika Bibi Tabu. Alikuja kesho yake, akakunywa chai yake polepole, akaniacha nisubiri, haki yake. Kisha nikamwomba amguse Yustina kama alivyomgusa siku ile. Akamgusa palepale, kwenye paji la uso.

"Bibi, kwa nini hugusi hapa chini, kwenye jina?"

Alinishangaa kweli. "Jina lipo wapi hapo? Mimi Yustina namjua kwa sura. Si ndivyo ulivyotwambia mwenyewe?"

Nikatazama kwenye laptopu ilichoandika. Haikuandika kitufe. Iliandika picha.

Naomba niwaeleze kama nilivyoelewa, maana ni jambo dogo na limenifunza sana. Kitufe kile ni kama nyumba, na picha inakaa ndani yake. Mtu akigusa picha, habari ya kuguswa inaanzia kwenye picha, halafu inapanda kwenda kwa kitufe kilichoizunguka, na kitufe ndicho nilikuwa nimekiweka kisikilize. Kikasikia, vizuri kabisa. Ila mimi nilikuwa nimekifundisha kuuliza swali la event.target, yaani ni kitu gani hasa kimeguswa, kile cha ndani kabisa chini ya kidole. Jibu likawa picha. Na picha haina jina, jina niliandika kwenye kitufe. Ukigusa maandishi ya chini unakuwa umekigusa kitufe chenyewe, jina linapatikana, ndiyo maana kwangu haikukosea. Ukigusa uso, hakuna jina, na hapo unaingia mstari wangu wa uvivu, chukua la kwanza. Yaani wote waliokwenda kwenye herufi walihesabiwa sawa, na wote waliokwenda kwenye sura, wale hasa niliosema nawatengenezea, wakahesabiwa Anselmo. Na wa kwanza kabisa kuniambia hivyo alikuwa Mama Sesilia, nami nikasingizia samaki.

Nilikaa na jambo hilo kichwani, na nikakumbuka habari niliyowafundisha watoto mara nyingi, ya mwanamke mgonjwa aliyegusa pindo la vazi tu katikati ya umati, na mwenye vazi akajua kwamba ni yeye ameguswa. Aliguswa kwenye nguo, lakini hakuna aliyesema nguo ndiyo imeombwa. Basi nikafuta event.target nikaweka event.currentTarget, swali jingine kabisa. Halitafuti kidole kimeangukia wapi. Linauliza anayesikiliza hapa ni nani, habari hii imefika nyumbani kwa nani? Gusa paji la uso, gusa sikio, gusa kola ya shati, jibu ni mwenye kitufe. Na ule mstari wa kuchukua la kwanza nikautoa, nikaweka kwamba kama aliyeguswa hajulikani, simama, sema hajulikani, usimhesabie mtu.

"Gusa tena, Bibi."

Akagusa paji la uso. Yustina. Akagusa nywele. Yustina. Akamgusa Masanja puani, Masanja. Akanigusa mimi mdomoni, ikaandika Anselmo, akasema, "Haya, huyu sasa yuko kwake," akaomba chai nyingine.

Dominika iliyofuata nilisimama mbele kabla ya kura, bila koti. Nikawaambia kosa lilikuwa langu, nikawaeleza nyumba na picha kama nilivyowaeleza nyie, nikamwomba msamaha Bibi Tabu kwa jina mbele ya wote kwa kuacha atazamwe vile. Nikasema pia niko tayari kujitoa.

"Usijitoe!" Masanja akapaza sauti. "Kaa humohumo, tukushinde vizuri."

Watu wakacheka, nami safari hii nikacheka nao, nikabaki. Wakaja kujaribu ukutani, mmoja mmoja. Paroko aligusa masikio. Yustina aligusa kila pembe ya kila picha kwa utaratibu, kama mtu anayekagua mahindi kabla ya kuyaweka ghalani. Masanja aligusa kwa kiwiko. Kila uso ulikwenda kwa mwenyewe. Ndipo tukaingia sakristia.

Matokeo yalipotokea kwenye shuka, mstari wa Yustina ulikuwa ndio mrefu, na vigelegele siku hiyo havikusubiriana. Yeye hakupiga magoti wala hakuhutubia. Alisema asanteni, nimesikia, kesho twende kwa mama Nyanzobe amejifungua, akaketi. Masanja alipata zake za heshima. Mimi nilipata za kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na moja nilijipigia mwenyewe.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani nilijaribu kuzihesabu hizo chache ni za nani. Dada yangu, bila shaka. Jirani yetu labda. Nikamgeukia mke wangu.

"Na wewe?"

"Mimi nimemgusa Yustina."

"Dominika iliyopita?"

"Yustina."

"Kwa hiyo na wewe," nikasema, "ulikuwa miongoni mwa wale niliowashukuru kwa kunipenda kimyakimya."

"Nakupenda, Baba Sesilia. Ila mwenyekiti ni Yustina."

Basi ndiyo hivyo. Bado natengeneza kurasa, na nikikwama nampigia Sesilia siku hiyohiyo, haya nimeshazimaliza zote mahali pamoja. Na nimeweka nadhiri, naitunza: jambo lisilojulikana ni la nani sitalipa jina la kwanza linalonijia, hasa likiwa langu. Na nikipewa kitu kizuri nisichokitarajia, namshukuru Mungu, halafu kabla sijashika kipaza sauti naenda kumuuliza aliyenipa alikuwa anamgusa nani.